Dawa ya Mmea Ndani ya Kifuko cha Mafuta: Vifuko vya Nano katika Tiba ya Saratani

Utangulizi

Familia nyingi nchini Kenya hujikuta katika njia panda pindi mmoja wao anapoambiwa kwamba ana saratani. Upande mmoja kuna hospitali na tibakemikali, ambayo sifa yake mitaani ni kunyonyoa nywele, kutapisha na kumaliza akiba ya nyumba. Upande wa pili kuna mitishamba, ambayo husifiwa kuwa tiba ya asili isiyokuwa na madhara. Mwaka 2011 maelfu ya wagonjwa kutoka Tanzania, Kenya na nchi jirani walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ili kunywa kikombe cha mizizi iliyochemshwa. Miongoni mwao walikuwamo walioacha dawa za hospitali.

Mpaka huu kati ya hospitali na mitishamba, hata hivyo, hauna msingi imara. Dawa kadhaa muhimu zinazotiririshwa katika mishipa ya wagonjwa wa saratani zimetokana na mimea. Kwa hivyo, kuuliza iwapo mimea ina uwezo wa kupambana na saratani ni kuuliza swali lililokwisha kujibiwa. Swali gumu zaidi ni hili: dawa kali iliyotoka katika jani, gome au mzizi itafikaje kwenye uvimbe bila kumwangamiza mwenye uvimbe?

Makala haya yananuia kufafanua jibu moja ambalo wanasayansi wamekuwa wakilitafuta kwa zaidi ya nusu karne, yaani kuifunga dawa ndani ya vifuko vidogo mno vilivyotengenezwa kwa mafuta. Kwanza yataangalia mimea iliyozaa dawa hizi na vikwazo vya kuzitumia. Kisha yataeleza kifuko chenyewe na jinsi kinavyofanya kazi, mafanikio yake na upungufu wake. Hatimaye yatagusia suala la haki ya wenye mimea na nafasi ya Kiswahili katika jambo hili.

Mimea iliyozaa dawa

Mfano ulio karibu na msomaji ni ua la vinka, ambalo wataalamu wa mimea huliita Catharanthus roseus. Ni ua la petali tano, la rangi ya waridi au jeupe, linalopandwa katika bustani nyingi za Afrika Mashariki. Asili yake ni Madagaska, kisiwa ambacho Waswahili wa kale walikiita Bukini.

Mwaka 1952 mtafiti Robert Noble wa Kanada alipokea majani ya mmea huu kutoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha na kuyanywa ili kutibu kisukari. Majaribio hayakuonyesha kwamba majani hayo yalipunguza sukari katika damu. Badala yake, wanyama waliopewa dawa hiyo walipungukiwa na seli nyeupe za damu. Noble na mwenzake Charles Beer walitambua maana ya jambo hilo: kitu kinachopunguza seli nyeupe huenda kikazuia saratani za damu, ambamo seli hizo huongezeka kupita kiasi. Kufikia mwaka 1958 walikuwa wametenga kemikali iitwayo vinblastini. Ndugu yake, vinkristini, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1963.

Vinkristini ina uhusiano wa karibu na eneo letu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe uliokuwa ukiota katika taya za watoto. Ugonjwa huo leo hujulikana kwa jina la limfoma ya Burkitt. Tiba yake kwa dawa ilikuzwa nchini Uganda katika miaka ya 1960 na baadaye, hasa baada ya kuanzishwa kwa Taasisi ya Saratani ya Uganda mwaka 1967. Vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazotumiwa kuutibu hadi sasa.

Mimea mingine miwili inastahili kutajwa. Wanasayansi wa Marekani Monroe Wall na Mansukh Wani, pamoja na wenzao, walitenga kemptothesini kutoka kwa mti wa Kichina mwaka 1966. Mwaka 1971 walichapisha muundo wa paklitakseli, dawa iliyotoka katika gome la mti unaomea magharibi mwa Amerika Kaskazini. Paklitakseli iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya ovari, na baadaye ikawa dawa muhimu ya saratani ya matiti pia.

Vikwazo vya kufikisha dawa

Ili kuelewa haja ya kifuko, ni sharti kwanza kuelewa kwa nini dawa hizi haziwezi kuachwa zijitafutie njia mwilini.

Kikwazo cha kwanza ni kwamba dawa haibagui. Vinkristini hushikamana na protini ambayo seli huitumia kutengeneza nyuzi za kugawia vinasaba wakati inapozaana. Nyuzi hizo zikikosekana, seli haiwezi kugawanyika, nayo hufa. Maadamu seli za saratani hugawanyika mara kwa mara, huathirika zaidi. Hata hivyo, neva nazo hutumia nyuzi za protini iyo hiyo kama njia za kusafirishia mahitaji yake. Ndiyo sababu mgonjwa anayepewa vinkristini anaweza kufa ganzi vidoleni, kushindwa kufunga vifungo vya shati au kufunga choo kwa siku kadhaa. Kwa sababu ya madhara hayo, madaktari wengi hawazidishi miligramu 2 kwa sindano moja, hata pale ambapo ukubwa wa mwili wa mgonjwa ungedai zaidi. Aidha, dawa hii hutiwa katika mshipa wa damu pekee. Ikiingizwa kwa makosa katika uti wa mgongo, kwa kawaida huua.

Kikwazo cha pili ni maji. Damu kwa sehemu kubwa ni maji, ilhali kemikali nyingi za mimea haziyeyuki katika maji. Paklitakseli ni mfano bora. Ili iweze kudungwa, iliyeyushwa katika mchanganyiko wa alkoholi na mafuta ya mbono yaliyobadilishwa kikemikali. Mafuta hayo yenyewe huweza kusababisha mzio mkali, hivi kwamba mgonjwa hulazimika kupewa dawa nyingine mapema ili kumkinga dhidi ya kiyeyushi cha dawa yake.

Kikwazo cha tatu ni kwamba baadhi ya kemikali hubadilika zikiwa njiani. Molekuli ya kemptothesini ina pingu ambayo hufunguka inapokuwa katika damu, na ikifunguka dawa hupoteza nguvu zake. Majaribio ya awali ya dawa hii kwa binadamu yalisitishwa katika miaka ya 1970 kwa sababu ya sumu yake. Wanasayansi wa Japani baadaye waliibadilisha wakapata irinotekani, inayoyeyuka katika maji. Hata hivyo, nayo huweza kuleta kuhara kukali.

Kifuko cha nano ni nini?

Neno nano hapa linatokana na nanomita, ambayo ni sehemu moja ya sehemu milioni moja za milimita. Vifuko vinavyozungumziwa vina upana wa takribani nanomita 100. Vikipangwa kwa mstari mmoja, vifuko 10,000 vitatimiza milimita moja. Seli nyekundu ya damu, ambayo haionekani kwa macho matupu, inazidi kifuko kimoja kwa upana mara 70 hivi.

Kifuko hiki hutengenezwa kwa mafuta ya aina ya fosfolipidi. Molekuli ya fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Molekuli nyingi za namna hiyo zikitiwa katika maji, hujipanga zenyewe katika tabaka mbili: vichwa vikielekea nje kwenye maji, na mikia ikijificha katikati. Tabaka hizo hujikunja na kuwa kifuko cha mviringo chenye maji ndani na maji nje. Utando unaozunguka kila seli ya mwili wa binadamu umejengwa kwa kanuni iyo hiyo. Kwa hivyo, kifuko hicho si kitu kigeni sana kwa mwili.

Aliyeyafafanua maumbo haya ni Alec Bangham, Mwingereza aliyekuwa akifanya utafiti huko Babraham karibu na Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vifuko hivyo vikaitwa liposomu. Katika miaka ya 1970 Gregory Gregoriadis na wenzake wakaendeleza wazo la kuvitumia kubebea dawa.

Ubora wa kifuko ni kwamba kina nafasi mbili za mizigo. Dawa inayoyeyuka katika maji hukaa katika maji ya ndani, na ile inayopenda mafuta hukaa katikati ya utando. Kwa upande wa vinkristini, mbinu ya kupakia ni ya kuvutia. Maji ya ndani ya kifuko hufanywa kuwa na asidi zaidi kuliko ya nje. Dawa hupenya utando, na ikishafika ndani hupata chaji ya umeme kutokana na asidi hiyo. Ikiwa na chaji haiwezi kupenya utando kurudi nje. Huingia kama samaki aingiavyo katika dema, mtego ambao mlango wake huruhusu kuingia na kuzuia kutoka.

Safari ya kifuko mwilini

Kifuko kikishadungwa huanza safari yenye hatari. Seli za kinga, hasa zile za ini na bandama, hukitambua kuwa mgeni na kukimeza. Ili kukwepa hatari hiyo, watengenezaji hukifunika baadhi ya vifuko kwa nyuzi za polima zinazovuta maji, ambazo hukifanya kisitambulike upesi. Dawa ya kwanza ya saratani ya namna hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Ilibeba doksorubisini, ambayo hutokana na bakteria wa udongoni wala si mmea, lakini ilifungua njia kwa zilizofuata.

Vifuko hufikaje kwenye uvimbe? Uvimbe unaokua haraka hujijengea mishipa ya damu kwa pupa, nayo mara nyingi huwa na mianya. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walieleza kwamba chembe kubwa kiasi huvuja kupitia mianya hiyo na kubaki ndani ya uvimbe, kwa kuwa uvimbe hauna njia nzuri za kuondoa majimaji. Mishipa ya sehemu nyingi zenye afya haina mianya mikubwa ya namna hiyo. Hivyo, dawa iliyomo ndani ya kifuko hutarajiwa kumwagika zaidi palipo na ugonjwa.

Mafanikio na upungufu

Ni muhimu kutaja kwamba matokeo hadi sasa ni ya wastani. Irinotekani iliyofungwa katika vifuko iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa na kushinda tiba ya awali. Katika utafiti uliotegemewa, wagonjwa waliopewa dawa hiyo pamoja na fluorourasili na lukovorini waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 6.1, ikilinganishwa na miezi 4.2 kwa waliopewa hizo mbili bila irinotekani. Mwaka 2024 dawa iyo hiyo iliidhinishwa kutumika tangu mwanzo wa tiba, pamoja na dawa nyingine tatu, baada ya utafiti kuonyesha miezi 11.1 dhidi ya 9.2. Miezi miwili ni kidogo kwa mtu anayetazama takwimu, ila kwa mgonjwa na aila yake ni muda wenye thamani.

Kisa cha vinkristini kinafunza zaidi. Vinkristini ya ndani ya vifuko iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa watu wazima wenye aina fulani ya lukemia iliyorejea mara mbili au zaidi. Kifuko kiliwezesha madaktari kutoa kipimo kikubwa kuliko kile cha kawaida. Hata hivyo, kati ya wagonjwa 65 waliofanyiwa utafiti, ni 10 tu waliopata nafuu kamili au iliyokaribia kamili, na madhara ya neva hayakuisha. Idhini hiyo ilikuwa ya masharti, na kwa kuwa utafiti wa kuthibitisha manufaa haukukamilika, iliondolewa mwaka 2022. Vinkristini ya kawaida, iliyogunduliwa zaidi ya miaka 60 iliyopita, ndiyo inayoendelea kuwatibu watoto.

Chanzo kimoja cha upungufu huu kilidhihirishwa mwaka 2016, wakati watafiti wa Toronto walipochanganua tafiti za miaka kumi zilizofanyiwa wanyama. Waligundua kwamba, kwa wastani wa kati, ni asilimia 0.7 tu ya chembe za nano zilizodungwa zilizofika katika uvimbe. Nyingine zote ziliishia kwingineko. Isitoshe, mianya ya mishipa inayoonekana wazi katika uvimbe wa panya hutofautiana sana miongoni mwa binadamu, na hata kati ya sehemu moja ya uvimbe na nyingine.

Vifuko vinavyotoka katika mimea

Katika miaka ya karibuni utafiti umechukua mkondo mpya. Mimea yenyewe ina vifuko vya asili vya ukubwa wa nano. Huang-Ge Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Louisville nchini Marekani walichapisha mwaka 2013 utafiti ulioonyesha kwamba mafuta ya vifuko vya balungi yanaweza kuundwa upya na kubebeshwa dawa. Vifuko vya tangawizi na zabibu pia vimechunguzwa. Kundi hilo lilisajili jaribio la kuwapa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana kurkumini, kemikali ya rangi iliyomo katika manjano, ikiwa imebebwa na vifuko vya mmea.

Hapa pana haja ya tahadhari. Manjano yanayotiwa katika mchuzi ni yale yale, lakini kurkumini huingia katika damu kwa kiasi kidogo mno inapoliwa na huharibika upesi. Mapitio ya kina yaliyochapishwa mwaka 2017 yalieleza kwamba kemikali hiyo hupotosha vipimo vingi vya maabara kwa kuonekana kufanya kazi mahali ambapo haifanyi. Kwa hivyo, mwuza dawa anayetaja utafiti wa nano ili kuuza unga wa manjano anatumia ukweli wa jambo moja kuthibitisha jingine. Vivyo hivyo, majani ya vinka yakichemshwa nyumbani ni sumu. Hakuna mpishi awezaye kujua ni miligramu ngapi za vinkristini zilizomo katika sufuria, ilhali tofauti kati ya kutibu na kudhuru ni ndogo sana.

Funzo la Shimba

Suala la dawa za mimea haliwezi kukamilika bila kuuliza mimea ni ya nani. Mwaka 1972 Morris Kupchan na wenzake walitangaza kemikali iitwayo maitansini, waliyoitenga kutoka kwa mmea wa Ethiopia. Mmea wa jamii iyo hiyo, Maytenus buchananii, humea katika milima ya Shimba, Kwale, ambako Wadigo waliujua kwa matumizi yao ya tiba. Katika miaka ya 1970 zaidi ya tani 27 za mmea huo zilivunwa kutoka Kenya kwa ajili ya mpango wa utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Mimea iliyokomaa mahali pale ilimalizwa.

Maitansini ilijaribiwa kwa wagonjwa ikawa na sumu kupita kiasi, nayo ikawekwa kando. Ilirudi baada ya miongo mitatu kwa kutatuliwa tatizo lile lile la kufikisha dawa, ingawa kwa mbinu isiyokuwa kifuko. Kemikali ya ukoo wake ilifungwa kwenye kingamwili inayotambua seli za aina moja ya saratani ya matiti, na dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani mwaka 2013. Leo malighafi yake hutokana na bakteria wanaokuzwa viwandani, wala haihitaji mizizi ya Shimba. Mwanamke wa Kwale mwenye saratani ya matiti huenda asiimudu bei yake.

Ni kutokana na visa vya aina hii ndipo ibara ya 69 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaitaka serikali ilinde maarifa ya jadi kuhusu mimea na rasilimali za kijenetiki za jamii. Sheria ya kulinda maarifa hayo ilipitishwa mwaka 2016. Sheria hizi hazirudishi kilichokwisha kuchukuliwa, lakini zinampa mzee anayeujua mti haki ya kuuliza kabla ya kuonyesha.

Kiswahili na mgonjwa

Mintarafu lugha, mengi bado hayajafanywa. Katika mazungumzo ya kawaida, neno dawa hubeba kikombe cha mizizi, kidonge cha kiwandani na sindano ya vinkristini kwa pamoja. Upana huo ni utajiri wa lugha, ila huwa hatari pale mgonjwa anapoambiwa kwamba dawa ya hospitali imetokana na mmea, naye akahitimisha kwamba mmea wenyewe utamfaa na ni wa bei nafuu. Kuna haja ya kutofautisha kwa maneno dhahiri mambo matatu: mmea, kiini kilichotengwa na kupimwa, na chombo kinachokibeba kiini hicho. Kwa chombo hicho, istilahi kifuko cha nano inajitosheleza, kwa kuwa msikilizaji yeyote anajua kifuko ni nini kabla hajaelezwa nano.

Faida ya istilahi za aina hii haiko katika kamusi pekee. Mgonjwa anayeombwa kushiriki katika jaribio la dawa hutia saini fomu ya ridhaa. Asipoelewa kwamba kinachojaribiwa ni kifuko kipya cha dawa ya zamani, na kwamba huenda kisimponye, saini yake haina uzito wa ridhaa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mimea imetoa baadhi ya silaha kali dhidi ya saratani, na kwamba ukali huo ndio uliozaa haja ya vifuko vya nano. Vifuko hivyo vimeongeza maisha kwa miezi kadhaa katika saratani ya kongosho, vimeshindwa kuthibitisha ubora wake kwa vinkristini, na bado hufikisha sehemu ndogo tu ya mzigo wake. Utafiti unaendelea. Wakati huohuo, tiba zilizopo huwafaa zaidi wanaofika hospitalini mapema, na limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani ambazo watoto wengi huweza kupona wakitibiwa ipasavyo. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mzazi anayeona taya la mwanawe likivimba asingoje kifuko cha kesho, kwa kuwa dawa ya ua la vinka iko hospitalini leo.